Tandala Jike na Uwanja Usiofagiwa

Mwaka ule tulikula pumba. Tulianza na mahindi, yakaisha. Tukaingia kwenye makopa ya muhogo, yakaisha. Tukateremsha mbegu tulizokuwa tumezitundika juu ya moshi kwa ajili ya kupanda, tukazila nazo, na nyumba inayokula mbegu zake huwa haina maneno wakati wa kula. Ndipo zikaja pumba. Tulizichanganya na wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Tuliwakinga kwa vikapu, tukawaponda, tukawafinyanga mikate myeusi yenye harufu ya samaki. Wenye kalamu wanayo namba ya mwaka huo. Mimi sina. Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa mke wa mwindaji, juu kidogo ya Mbaha, mahali unapoliona ziwa lote lakini hupati hata kata moja ya maji mpaka ushuke kilima na kukipanda tena.

Mimi si mtu wa ziwani. Nimezaliwa Matiri, nimekua nikichimba ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani yanayozuia udongo usiteremke na mvua. Jembe nililijua. Ziwa sikulijua. Nilipoolewa huko chini wanawake walicheka ninavyotamka maneno yao, wakacheka ninavyofunga mzigo wa kuni, wakacheka nilivyoziba pua siku ya kwanza waliponiwekea usipa, dagaa wa ziwa lao. Ningecheka nao pengine mambo yangekuwa mepesi. Sikucheka. Shingo yangu ni ngumu tangu tumboni, na nimezeeka nayo.

Mume wangu alikuwa na gobore. Liliandikishwa bomani, kila mwaka alikwenda nalo Songea kwa miguu ligongwe muhuri, na ukoo mzima ulilitazama gobore lile kama ng'ombe wa maziwa. Ndoa yetu ilikuwa ya kimila. Kanisani tulikuwa tunangoja amalize mafundisho ya ubatizo, naye mafundisho aliyakimbia kila nyasi zilipochomwa. Nyasi zikishaungua, mwindaji humwoni misani.

Sasa nieleze mwiko wa nyumba ile, maana bila huo hakuna kitakachoeleweka. Kwa watu wale, mwindaji alikuwa na miguu porini, lakini windo lilikaa nyumbani kwa mkewe. Akishatoka na gobore, mke hafagii uwanja, asije akafagia nyayo za mnyama. Hamgawii jirani moto. Hagombani. Hachani nywele. Haamkiani na mwanamume yeyote, hata mzee. Na kubwa kuliko yote, hatoki nje ya uwanja wake. Anakaa. Ananyoosha miguu, anaiweka pamoja, anatulia, ili na mnyama huko aliko atulie. Maji na kuni analetewa na wifi yake, ambaye naye huviweka pembeni na kuondoka bila kusema hodi, kwa sababu hodi ingemshtua mnyama.

Basi mimi nilikaa. Watu wakiniuliza leo ujana wangu ulikuwaje, nawaambia: nilikaa. Niliona watu wakiteremka njia ya ziwani asubuhi na vikapu, nikawaona wakirudi. Waliongea, waliimba, wakifika usawa wa nyumba yangu wananyamaza na kutazama pembeni kama watu wanaopita karibu na msiba. Wakishapita wanaanza tena kuongea. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, kule kuanza tena. Majani yalianguka uwanjani yakarundikana mpaka mlangoni, nami nina mikono miwili na ufagio umesimama ukutani. Nilihesabu kuku. Niliongea na chungu. Nilisali rozari yote kwa Kimatengo, polepole, si kwa utakatifu, kwa hamu tu ya kusikia lugha ya kwetu ikitamkwa na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni mimi.

Na hapo hapo pa kukaa ndipo nilipojua habari za tandala.

Sitoki nje ya jambo. Wajukuu zangu wakiona pembe za tandala zimetundikwa ukutani mahali, zile ndefu zilizojisokota, wanasema, "Bibi, aliyemuua huyu alikuwa mwanamume kweli kweli." Nawajibu, alikuwa mwanamume, lakini kazi yenyewe haikuwa ile. Wanacheka. Wanadhani bibi yao anatetea wanawake hata wa porini. Mimi najua ninachosema, kwa sababu nililipa kwa makalio yangu. Mume wangu alipofuata dume, nilikaa kidogo tu, majani hayajafunika hata nyayo za kuku, mara nasikia mluzi wake bondeni. Alipofuata jike, nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi na uwanja ukawa jalala.

Nilimwuliza siku moja. Ilikuwa mchana, amekaa juu ya kinu kilicholala, anasugua mtutu kwa kitambaa chenye mafuta ya mbarika.

"Baba, mbona jike unamkawia hivyo? Hana hata pembe."

Akatazama huku na huku kwanza, kama mtu anayetaka kutaja deni.

"Mtu wa Matiri," akasema, ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, "hili nakwambia wewe, usilipeleke kisimani. Dume ni bwana mkubwa. Amezoea kichaka chake, njia yake, mahali pake pa kulamba chumvi. Anatembea amenyanyua kidevu na pembe amezilaza mgongoni, nami nimeshaziona zinang'aa juu ya vichaka kabla sijamwona mwenyewe. Tena yuko peke yake. Ana macho mawili. Nikiyapita hayo mawili, nimemaliza."

"Na jike?"

"Jike ni kijiji. Huyu anakula, yule anatazama. Huyu akitazama kule, yule anatazama huku. Masikio yale mapana, yanageuka kama majani ya mgomba. Hana pembe ya kumsaliti, amesimama mbele yako na unadhani ni kivuli. Na mmoja tu akinisikia, anabweka, hao! Wote wamekwenda. Kumwinda jike ni kama kuingia kwa kunyata katikati ya wanawake wanaotwanga mchana, asitokee hata mmoja wa kusema, 'Nani huyo?'"

Nilicheka hata nikajishika mbavu. Naye akacheka. Kisha akakunja uso.

"Lakini usiseme. Wanaume wanahesabu pembe. Nikisema jike ni mgumu, kaka atasema nimekuwa mzee."

Nikanyamaza nalo. Lilikuwa kama zawadi. Katika nyumba ile watu hawakunipa maneno mengi, na haya nilipewa peke yangu.

Mwaka wa pumba ulipofika, madume hayakuwa na maana. Yalikuwa yamekwisha kukimbiza majike tangu mvua za mwisho, yamebaki mbavu na harufu. Kaka yake mkubwa, ambaye ndiye aliyekuwa kichwa cha ukoo baada ya baba yao kufa, alikuja uwanjani kwetu, akakaa, akachora mchanga kwa fimbo.

"Watoto hawana mafuta mwilini," akasema. "Ugali wa pumba unawakwaruza. Dume la sasa ni gogo. Lete jike."

Mume wangu akajikuna shingo. "Jike, kaka, pengine..."

"Pengine nini? Wewe umeangusha madume mangapi? Jike ni mboga ya kuchuma. Nenda kachume."

Nilikuwa ndani, nikisikia. Nilingoja aseme. Alisema, "Sawa, kaka." Akachukua gobore na baruti kidogo aliyokuwa nayo, akaondoka kabla umande haujakauka, nami nikaketi na kunyoosha miguu.

Akarudi mikono mitupu. Ukoo ukamwonea huruma. Akaenda tena, akarudi mikono mitupu. Sasa watu wakaanza kunitazama mimi. Wifi yangu akiweka maji anasimama kidogo, anachungulia nyuma ya nyumba. Mara ya tatu mume wangu alikaa sana porini. Siku hizo upepo wa kusini ulivuma kutoka ziwani kwa hasira, ukang'oa hata nyasi za paa langu. Ukachukua majani yote ya uwanjani, ukayatupa korongoni. Ukasafisha ule uwanja ukawa mweupe kama nguo ya padre. Nikautazama nikafurahi, mjinga mimi. Nikasema moyoni, angalau leo nakaa mahali penye heshima.

Wifi akaja na mtungi. Akaweka chini. Akautazama uwanja. Akavunja mwiko wa kunyamaza.

"Wifi! Leo umefagia kwa ulimi?"

"Ni upepo," nikasema.

"Upepo una mikono mizuri kama ya mwanamke wa Matiri." Akaondoka, na khanga yake akaifunga kiunoni, nikajua anakokwenda.

Mume wangu alirudi jioni ya siku ile. Alikuwa amempiga jike mmoja, akamjeruhi, akamfuata damu mpaka kwenye mawe, akampoteza. Baruti imekwisha. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na hakuniangalia. Kaka yake alikuwa ameshafika, na wifi nyuma yake.

"Mwanamume aliyeangusha madume," kaka yake akasema, "anashindwa na jike? Mara tatu? Hilo si la porini. Hilo ni la nyumbani. Aliyethubutu kufagia, na kutoka ametoka." Kisha akaniambia mimi, bila kunitazama, kama desturi inavyotaka, "Shemeji, kesho asubuhi utatuambia ulitoka kwenda wapi, na kwa nani. Ukisema, tutachinja kuku, utaoga dawa pamoja na gobore, yamekwisha. Hakuna atakayekupiga. Usiposema, rudi kwenu."

Hebu nilieleze vizuri. Kusema nimetoka, kwa watu wale, si kusema nimekwenda kuchuma mboga. Ni kusema nimekwenda kwa mwanamume. Kila mtu anajua. Hata kuku anayechinjwa anajua.

Asubuhi mapema mama mkwe alinikuta kwenye jiwe la kusagia. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye maneno machache, mimi na yeye tulikuwa hatujagombana wala hatujapendana. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akachuchumaa, akaokota chembe ya pumba iliyoruka, akairudisha jiweni. Mwaka ule chembe moja ilikuwa kitu.

"Mwanangu, sema tu."

"Niseme nini, mama?"

"Sema ulitoka. Taja mtu yeyote aliyehama, aliyekwenda migodini, asiyeweza kuja kubisha. Mimi nilimtaja mtu ambaye alikuwa ameshakufa."

Nikaacha kusaga. "Wewe, mama?"

"Mimi. Na mama mkwe wangu kabla yangu. Na yule mke wa mwanangu mkubwa. Unadhani gobore hukosa mara ngapi katika maisha ya mwanamume? Kila likikosa sana, mmoja wetu anasema. Kuku anachinjwa, gobore linaoshwa, mwanamume anapata moyo, anakwenda, anaua. Tunakula. Ni maneno tu."

"Na ulikuwa umetoka?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto mpumbavu. "Ningetoka saa ngapi? Nilikuwa nimekaa, kama wewe."

Nawaambia, mahali pale niliona wanawake wote wa ukoo ule wamekaa mstari mmoja, miguu imenyooshwa, kila mmoja peke yake katika uwanja wake mchafu, na kila mmoja amebeba mwanamume ambaye hakuwahi kumjua. Nilimhurumia mama mkwe. Pia nilimwogopa. Alikuwa ananipa alichokuwa nacho, ndiyo njia aliyoijua ya kunibakiza. Nikikataa, nilikuwa nasema kwamba yeye alikosea. Hilo alilielewa kabla yangu, maana alisimama, akapangusa magoti, akasema, "Shingo hiyo itakulaza njaa," akaenda zake.

Kwa padre niliungama dhambi zangu, na zilikuwepo: hasira, kiburi, uvivu wa kushuka ziwani. Hii haikuwepo. Nitoe wapi dhambi ambayo sinayo? Na nikishaitoa, nimwambie nini Mungu siku ya kuuliza? Nilimtaja maiti ili watoto wapate mafuta?

Jua lilipotoka tukakaa uwanjani. Kaka yake juu ya kigoda, wazee wawili wa jirani, wanawake pembeni, wifi mbele yao. Mume wangu amekaa chini, gobore limelala mbele yake juu ya ngozi kama mgonjwa.

"Sema, shemeji."

"Uwanja ulifagiwa na upepo," nikasema. "Tazameni paa langu."

Mzee mmoja akatazama paa. Nampa heshima yake, alitazama. Wengine hawakutazama.

"Paa si hoja," akasema kaka yake. "Hoja ni jike. Jike hamshindi mwindaji. Hiyo hata mtoto anajua."

Hapo nikaona njia. Nikamgeukia mume wangu. Mwanamke kumwuliza mumewe mbele ya wakubwa ilikuwa ni aibu, lakini nilikuwa nimeshavuliwa nguo kwa maneno, aibu gani tena.

"Baba, waambie. Waambie yupi mgumu, dume au jike. Waambie habari ya kijiji. Waambie habari ya masikio."

Kuku mmoja alikuwa anaparua. Mume wangu alikuwa anautazama mtutu wa gobore. Nilijua lile neno liko hapo, limefika kwenye meno. Lingetoka, ningekuwa mzima, yeye angekuwa mwindaji wa kawaida anayekosa kama wanavyokosa wawindaji wote, na pembe zake zote nyumbani kwa kaka yake zingepungua urefu.

"Jike ni jike," akasema. "Mboga tu."

Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Wifi akatoa sauti ndogo puani. Mimi nilikuwa nimekaa peke yangu siku nyingi katika uwanja ule, lakini sikuwahi kuwa peke yangu kama nilivyokuwa hapo, watu wote wakiwa wamenizunguka.

"Haya, sema," akasema kaka yake. "Ulitoka kwenda kwa nani?"

Nikasimama. "Sikutoka, na sitasema nilitoka."

Hakuna aliyenishika. Nilifunga vyungu viwili na blanketi, jembe langu nililotoka nalo kwetu nikaliweka juu ya mzigo, nikashika njia ya mlima. Wanawake waliokuwa wanarudi kutoka ziwani walifika usawa wangu wakanyamaza. Walipopita, nikasikia wanaanza tena kuongea. Nililala njiani kwa watu nisiowajua, walionipa uji bila kuniuliza. Kadiri nilivyopanda ndivyo ziwa lilivyozidi kuonekana kubwa nyuma yangu, nikaacha kugeuka. Kesho yake nikaziona ngoro za kwetu, zimepangana mlimani kama sega la nyuki, kavu, hazina kitu. Matiri nako njaa ilikuwepo. Mama yangu alinitazama, akatazama mzigo, akasema, "Leta jembe hilo, la kwetu limevunjika." Sikulia mpaka hapo.

Kule nako sikuwa na mtu. Wasichana wenzangu wote walikuwa kwa waume zao. Misani nilikaa benchi la wajane, nami si mjane, na baadhi yao walisogea kidogo. Habari ilikuwa imepanda mlima haraka kuliko mimi. Miaka ilipita kabla sijaolewa na mgane mmoja wa Ruanda, kijiji cha huko huko kwetu mlimani, mkulima wa kahawa asiyejua hata kurusha jiwe, nikamzalia watoto ambao wamenipa hawa wajukuu wanaojua kusoma, kushona na kubishana. Najivunia hao wote. Lakini hayo ni ya mbele.

Mvua zilipokaribia, mume wangu wa kwanza alikuja Matiri. Nilikuwa shambani nakata nyasi za kufukia ngoro. Nilimwona anapanda, amebeba kitu kimefungwa kwa majani ya mgomba. Akakiweka chini mbele yangu. Paja la nyama iliyokaushwa, lina mafuta ya manjano.

"Jike," akasema.

"Naona."

"Kaka alipata baruti. Nililala nyuma ya kichuguu mpaka siafu wakanila. Walikuwa saba, wote wanatazama. Sijawahi kuwinda windo gumu kama lile." Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kwenye kinu. "Mtu wa Matiri, ungeniona."

"Na kaka yako amesema nini?"

Tabasamu likafa. "Amesema... nyumba sasa ni safi."

Nilikata nyasi. Nyama niliichukua, sitawadanganya. Mama yangu alikuwa hajaonja mafuta tangu masika, na njaa haijui kununa. Niliiweka kivulini, nikarudi kwenye nyasi zangu. Akanifuata.

"Mama mkwe wako anakuulizia. Nyumba imepoa, hata moto hauwaki vizuri. Njoo. Utasema mbele ya kaka peke yake, hakuna mtu mwingine, wala wifi yako hatakuwepo. Neno moja. Mimi mwenyewe najua hukutoka."

Nikanyoosha mgongo. "Unajua?"

"Najua. Tangu siku ile najua."

"Na jike?"

"Jike ndiye mgumu. Nilikwambia."

"Basi mwambie kaka yako."

Akautazama mlima, akatazama mikono yake. Upepo ulikuwa unavuma juu ya ngoro, na mahali pote pale hapakuwa na mtu mwingine wa kumsikia. Alikuwa na sura nzuri, mume wangu yule. Nilimngoja. Nilikuwa nimezoea kumngoja, nilijua kukaa bila kujikuna, ningeweza kumngoja mpaka jua lizame kama angekuwa anakuja na neno.

"Wewe sema tu," akasema. "Kwako ni rahisi."

"Sikutoka, na sitasema nilitoka."